Avoka Si Mzee wa Mlima

Sisi tunakaa Gitega, mtaa wa Shatanya. Mume wangu anaitwa Mushagalusa. Ni Mkongomani wa Kivu ya Kusini, na anauza vitenge sokoni. Mimi ni Emiliana. Ninauza ndagala, wale samaki wadogo wakavu wanaotoka ziwani. Meza yangu iko mwisho wa mstari, karibu na akina mama wa mawese. Tuna mtoto mmoja, Bora. Ameanza kutembea juzijuzi tu, na tayari anataka kukimbia.

Asubuhi mume wangu hutangulia, mzigo wa vitenge begani. Mimi hubaki kuchambua ndagala kwenye ungo na kutoa mchanga. Bora hutaka kuonja kila mmoja. Ndagala wana chumvi. Akishawala hunywa maji mengi, halafu nambeba mgongoni, na mnaelewa kinachofuata.

"Mama Bora," mume wangu hunitania, "leo umejipaka marashi gani? Ya ndagala ama ya mtoto?"

"Na wewe maneno yako ni kama vitenge vyako," mimi humjibu. "Rangi nyingi, lakini yakifuliwa yanachuja."

Ndivyo tulivyoishi, na tuliishi vizuri. Kitu kimoja tu kilikosekana. Mume wangu hakuwa na karatasi ya kukaa nchini.

Siku moja polisi wa uhamiaji walipita sokoni kuangalia vitambulisho. Hawakuwa wakali. Walimsalimia mume wangu, wakamwomba karatasi yake.

"Iko nyumbani," akajibu.

"Basi ilete ofisini," polisi akasema. Akamwandikia wito. Alitakiwa kufika Jumatatu, wiki ya tatu kutoka siku ile. "Njoo na karatasi halali. Ukikosa, utaambiwa urudi kwenu."

Mume wangu alirudi nyumbani mapema. Hakula. Alimpakata Bora, akakaa akitazama ukuta.

Kulikuwa na jambo ambalo mimi na yeye tu tulilijua. Watu wote Gitega walidhani Mushagalusa alikuja Burundi kufanya biashara. Sivyo. Alikuja akiwa mtoto, ameshikwa mkono na mama yake, wakikimbia vita. Waliandikishwa kama wakimbizi, wakapelekwa kambini katika mkoa wa Muyinga. Mama yake alifariki kule. Mushagalusa alipokuwa kijana aliondoka kambini bila kuomba ruhusa, akaja Gitega kutafuta maisha. Kadi yake ya ukimbizi ilikwisha muda, kisha ikapotea.

Kwa nini alificha? Kwa sababu ya baba yangu.

Baba yangu ni mzee Egidius wa Buhinyuza. Yeye naye alikuwa mkimbizi, huko Tanzania. Mimi nilizaliwa kambini huko. Shule nayo niliiacha huko, kabla ya kumaliza msingi. Amani ilipopatikana tulirudi, na Baba akalipata tena shamba la babu. Mushagalusa alipokuja kunichumbia, Baba alimuuliza swali moja tu.

"Kijana, wewe ni mkimbizi?"

"Hapana, mzee. Mi niko mufanyabiashara."

"Vizuri," Baba akasema. "Binti yangu alizaliwa kambini. Sitaki aolewe kambini."

Basi uongo ule mdogo ukaingia nyumbani pamoja nasi, ukakaa.

Rafiki wa mume wangu, Moïse, alisikia habari ya ule wito. Naye ni Mkongomani, anauza viatu. Alituletea mtu nyumbani. Mtu huyo alikuwa na mkoba mweusi na viatu vinavyong'aa.

"Huyu ni metre Cyprien," Moïse akasema. "Avoka mukubwa." Avoka kwetu ni wakili, na "metre" ndilo jina la heshima tunalomwita.

Cyprien aliketi, akavuta suruali yake isikunjike. "Hili ni jambo dogo," akasema. "Nitakutolea kitambulisho cha Kirundi. Utaitwa Gervasi, mzaliwa wa Ryansoro."

Mume wangu akafikiri. "Na nikikutana na mutu wa Ryansoro akanisalimia?"

"Utamjibu."

"Na Kirundi gani? Mi najua 'amahoro' na 'ni angahe'. Njo vya sokoni tu."

Jirani yetu Melania alikuwa mlangoni. Alikuja kuomba chumvi, nami nilikuwa nimempa. Alicheka mpaka nusu ya chumvi ikamwagika.

"Mungu wangu! Gervasi wa Ryansoro, anasalimia watu kwa kuwauliza bei!"

Moïse naye akacheka. Cyprien hakucheka. Melania anafanya kazi parokiani, kwenye tume ya haki na amani. Kila siku husikiliza watu wenye shida za mashamba na za karatasi. Aliweka chumvi chini, akamgeukia mgeni.

"Samahani, metre. We uko kwenye baro ya wapi?"

"Baro?"

"Chama cha maavoka. Kila avoka iko na jina lake pale. Jina lako tutalikuta?"

"Hayo ni mambo ya ofisini."

"Na ofisi yako iko wapi? Tuje kukutembelea."

"Ofisi yangu ni simu yangu."

"Na kadi ya kazi?"

"Iko kwenye koti jingine," Cyprien akasema. Papo hapo akakumbuka kwamba kuna mtu anamngoja. Alitoka haraka, Moïse akamfuata nyuma akimuuliza maswali.

Melania akaketi pale pale alipokuwa amekaa Cyprien.

"Sikilizeni," akasema. "Kitambulisho cha uongo ni kosa la jinai. Ukikamatwa nacho, Baba Bora, hata haki uliyokuwa nayo itaingia matatani. Na mtu anayekuahidi karatasi ya haraka, mwogope. Avoka wa kweli hawezi kukuahidi ushindi. Anaweza kukuahidi kazi yake tu."

"Sasa avoka wa kweli tutamjuaje?" nikauliza. Niliuliza polepole, maana kuuliza hunitia haya.

"Kwa kuuliza, kama hivyo unavyouliza. Twende kesho kwenye ofisi ya chama chao, hapa hapa Gitega. Tutaomba majina ya wanaojua mambo ya wageni. Si kila avoka anayajua. Mwingine amezoea mashamba, mwingine talaka. Wewe unaumwa jino, utakwenda kwa mkunga?"

Kesho yake tulikwenda. Nilidhani watatufukuza. Hawakutufukuza. Karani alitutolea orodha ya maavoka, akatusomea majina ya watatu wenye uzoefu wa kazi za uhamiaji. Melania akauliza pia habari ya watu wasio na uwezo. Karani akasema wapo wanaosaidiwa bila malipo, kupitia chama chenyewe au mashirika, lakini lazima waombe, na hali yao iangaliwe. Sisi tulikuwa na uwezo kidogo. Tukachagua jina la katikati, metre Providence, kwa sababu hata parokiani walimjua. Akatupa siku ya kuonana naye.

Mume wangu akasema, "Jambo kubwa hivi, hatuwezi kuenda bila muzee. Ita baba yako."

Nikampigia Baba simu. Akafika kutoka Buhinyuza akiwa na kidumu kizima cha urwarwa, pombe yetu ya ndizi. Katika gari alikuwa amekibana katikati ya miguu safari nzima. Dereva alimwambia akiweke nyuma. Baba akamwambia, "Weka wewe mguu wako nyuma."

"Baba, pombe ya nini?" nikamuuliza.

"Kesi kavu haiamuliwi," akasema.

Hapo lazima nieleze kidogo. Kwetu milimani, ambako kila mlima ni kama kijiji, watu wakigombana huenda kwa bashingantahe. Hao ni wazee wa heshima ambao husikiliza pande mbili na kuamua. Wenye kesi huwaletea pombe. Mbele yao mtu husema maneno machache, maana kila neno la ziada linaweza kumfunga. Mwenye nyumba ndiye husema. Mke hukaa kimya mpaka aulizwe. Baba ni mmoja wa wazee hao. Ameamua kesi nyingi kati ya watu waliorudi na watu waliobaki.

Kabla ya kutoka, Baba akamfundisha mume wangu. "Mkwe, ukiulizwa, jibu lililoulizwa. Usifungue mlango ambao hakuna aliyeubisha."

"Ndiyo, Baba," mume wangu akasema. Ushauri ule ulimfaa sana.

Metre Providence alikuwa mwanamke mwembamba, bado kijana. Baba alimtazama, akatazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine anayekuja. Hakukuwa na mwingine. Akaweka kidumu mbele ya meza.

"Mzee, hiki ni nini?" metre akauliza.

"Urwarwa wa Buhinyuza, mheshimiwa. Ili utuamulie vizuri."

"Asante sana, mzee. Lakini mimi siamui. Wanaoamua ni wa ofisi ya uhamiaji, na ikibidi, hakimu. Kunyweni nyumbani."

Baba akaninong'oneza, "Ana adabu. Mzee mzuri hukataa mara ya kwanza."

Metre alituonyesha kadi yake kabla hatujaiomba. Akatuambia kazi atakayofanya, na kazi ambayo hataifanya. Tukakubaliana malipo yake, na kwamba tutalipa kwa vipande. Yote yakaandikwa. Mkataba ulikuwa wa Kifaransa, akatusomea kwa Kiswahili, mstari kwa mstari.

"Msitie sahihi kitu msichokielewa," akasema. "Hata kikiwa changu. Na kila mkilipa, daini risiti." Ule wito wa polisi aliutoa kopi, akaturudishia wenyewe.

Halafu akaanza kumuuliza mume wangu.

"Ulikuja Burundi kwa sababu gani?"

"Biashara."

"Ulikuja na nani?"

"Peke yangu."

"Uliingia na karatasi gani?"

"Ilipotea."

Baba alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha. Mkwe wake alijibu kama mzee. Neno moja, basi.

Metre akaweka kalamu chini. "Kwa haya uliyonieleza, njia ni nyembamba. Nitaandika ombi, na nitakwenda nawe Jumatatu. Lakini jiandaeni. Wanaweza kusema uvuke mpaka kwanza, uombe kibali ukiwa kwenu."

"Kwetu," mume wangu akasema.

Mimi nilijua kwao. Kijiji kilichomwa. Hana ndugu hata mmoja pale. Nilikuwa na neno la kusema. Nikamtazama Baba, nikamtazama mume wangu, nikalimeza.

Tulirudi nyumbani na kidumu chetu. Jioni ile majirani wakakimaliza. Baba akawasimulia jinsi avoka wetu alivyo na adabu.

Asubuhi nilimkuta Melania kwenye bomba la maji.

"Avoka alisemaje?" akauliza.

"Alisema njia ni nyembamba."

"Mlimwambia yote?"

Ndoo yangu ikajaa, ikamwagika.

"Mama Bora, funga maji. Mlimwambia yote?"

"Baba alisema tuseme machache. Kama mbele ya wazee wa mlima."

Melania akajipiga paja. "Ah! Sasa nimeelewa. Na pombe mlimpelekea?"

"Tulimpelekea."

"Pole yenu. Sikiliza, mdogo wangu. Mzee wa mlima anakaa katikati. Anasikiliza wewe na adui yako, halafu anaamua. Kwake mtu anaweza kuogopa kusema mengi. Lakini avoka hakai katikati. Avoka anakaa upande wako. Umemlipa akusemee. Atasemaje kitu asichokijua?"

"Na kama kitu chenyewe ni kibaya?"

"Kikiwa kibaya, ndiyo kabisa umwambie. Afadhali akisikie kwako mapema kuliko akisikie kwa polisi, mbele za watu. Na pia, we unajuaje kwamba ni kibaya? Ukiumwa tumbo ukamwonyesha nesi goti, si utapewa dawa ya goti?"

Nikacheka, lakini machozi yalikuwa karibu.

"Atamwambia mtu mwingine?" nikauliza.

"Hapana. Avoka iko na siri ya kazi. Unachomwambia hawezi kukitangaza bila ruhusa yako. Akikitangaza, chama chake kinaweza kumwadhibu. Ukitaka, hata baba yako anabaki nje, mnaongea ninyi tu."

Nilirudi nyumbani, nikamwita mume wangu nyuma ya nyumba. Nikamweleza yote.

"Mi nitasema kwa metre peke yake," akasema. "Baba akirudi Buhinyuza."

"Baba harudi. Amesema atakaa mpaka Jumatatu, na atakwenda nasi ofisini."

"Nikisema mbele yake, atakuchukua we na mutoto. Mi nilimudanganya. Nilimudanganya siku ya kuchumbia!"

"Na usiposema, watakuvusha mpaka. Utakwenda kwa nani?"

"Kwetu iko nani?" akasema polepole. "Hakuna mutu."

"Basi mimi nitasema."

Alinitazama kama hajawahi kuniona. Mimi naye sote tunajua kwamba hata mteja wa ndagala akipandisha sauti, mimi humpunguzia bei.

Baba alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya nyumba, Bora gotini kwake, akimfundisha kuhesabu vidole kwa Kirundi. Nilikwenda nikasimama mbele yake. Sikuweza kuinua uso. Niliangalia vidole vyake vya miguu.

"Baba, nina neno."

"Liseme."

"Baba Bora ni mkimbizi. Alikuja mdogo, na mama yake. Waliandikishwa Muyinga, kambini. Mama yake amezikwa huko. Alikudanganya kwa sababu ya swali lako. Mimi nilijua. Na avoka hajui, ndiyo maana njia ni nyembamba."

Nilisema yote kwa pumzi moja. Bora alimshika Baba pua akaivuta, naye hakuutoa mkono wake.

"Muyinga?" akauliza mwishoni.

"Ndiyo, Baba."

"Muyinga mkoa wetu?"

"Ndiyo, Baba."

"Mama wa mkwe wangu amezikwa mkoani kwangu, na mimi sijawahi kwenda kutoa pole?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Kwa swali hilo sikuwa nimejiandaa. Nikalia.

"Mkwe!" Baba akaita. "Toka huko nyuma ya nyumba! Najua unasikiliza!"

Mume wangu akaja, kichwa chini.

"Kambini ulikula unga wa njano?"

"Nilikula, Baba."

"Ule mgumu, wa mahindi?"

"Ule ule. Mama alikuwa anauchanganya na muhogo, ili ushuke."

"Sisi tuliubadilisha kwa ndizi. Kwa siri, usiku. Nimeula unga ule miaka mingi kuliko umri wako, mtoto. Na unanificha ukimbizi mimi? Mimi?"

"We ulisema hautaki mukimbizi."

"Nilisema sitaki kambi! Kambi na mtu ni vitu viwili." Akamhamisha Bora kwenye goti lingine. "Lakini swali langu lilikuwa baya. Mtu akiuliza hivyo, anajibiwa hivyo. Haya, vaeni viatu. Twendeni tena kwa yule mtoto wa sheria."

Tulikwenda bila miadi. Tukangoja kwenye benchi mpaka metre Providence akamaliza na watu wengine. Tulipoingia, Baba akasimama kama yuko mbele ya mlima mzima.

"Mheshimiwa, jana tulikuletea nusu ya mtu. Leo tumemleta mzima."

Mume wangu akasema yote. Kijiji, njia, mto, mama yake, kambi, kadi iliyopotea. Alisema pia kwamba aliondoka kambini bila ruhusa. Metre aliandika bila kumkatiza. Alipomaliza, alimtazama.

"Kwa nini hukuniambia jana?"

"Nilijua ni kosa."

"Kuondoka bila ruhusa ni jambo la kueleza, na tutalieleza. Lakini jambo ulilolificha ndilo lenye nguvu. Mtu aliyekubaliwa kuwa mkimbizi analindwa na sheria. Harudishwi hivihivi mahali alikokimbia. Mimi jana nilikuwa natafuta njia ya mfanyabiashara mgeni. Njia ile si yako. Yako ipo nyingine, na ni pana zaidi."

Mume wangu akafunika uso kwa mikono. Baba akamgonga begani mara mbili, kwa nguvu, kama mtu anayepima tikiti.

"Lakini siahidi," metre akaongeza. "Kwanza tupate alama kwamba uliandikishwa. Kila kesi ina sheria yake. Jirani yako asichukue kesi yako akadhani ni yake."

Alitupa barua mbili. Moja ilieleza kwamba kesi ya Mushagalusa iko mikononi mwake, aionyeshe akiulizwa njiani. Nyingine ilikuwa ya ofisi inayoshughulikia wakimbizi. Baba na mume wangu wakapanda gari kwenda Muyinga.

Jina lilikuwepo. Lilikuwa limeandikwa chini ya jina la mama yake, na picha ya mtoto mwenye masikio makubwa. Mtu wa ofisi aliitazama picha, akamtazama mume wangu, akasema, "Masikio hayajabadilika." Wakampa hati ya kuthibitisha.

Baadaye walikwenda makaburini. Baba hakunieleza sana. Alisema tu kwamba waling'oa majani, na kwamba alimwambia mama yule habari za Bora.

Jumatatu ikafika. Tulikwenda sote ofisi ya uhamiaji. Metre Providence aliingia na mume wangu. Mimi, Baba na Bora tukabaki nje. Kila mlango ulipofunguliwa nilisimama. Baba akaniambia, "Kaa, unamchosha mtoto." Lakini yeye mwenyewe alikuwa amesimama muda wote.

Walipotoka, metre alikuwa anatabasamu. Alitueleza mambo yalivyokwenda. Afisa alisoma ile hati. Aliuliza kwa nini Mushagalusa aliondoka kambini, na Mushagalusa akajibu ukweli. Metre akaeleza sheria, akaonyesha kwamba ana mke Mrundi, mtoto, na kazi halali sokoni. Afisa akampa muda wa kutengeneza kadi mpya na kuomba kibali cha kukaa mjini.

"Hakuna kuvuka?" nikauliza.

"Hakuna kuvuka," metre akasema.

Kadi haikuja siku ile, wala mwezi ule. Tulikwenda na kurudi, tukaambiwa tungoje, tukangoja. Kila tulipolipa kipande, metre alitupa risiti. Kila barua ilipokuja, alitupigia simu akatusomea. Mwisho mume wangu akapata kadi yake ya ukimbizi, mpya, na kibali cha kukaa Gitega. Siku hiyo aliuza vitenge akiimba, na wateja wakamwomba anyamaze ili wasikie bei.

Moïse naye alikuja kuuliza. Kumbe naye hakuwa na karatasi nzuri. Mume wangu alimwambia, "Mi siwezi kukupa njia yangu. Enda kwa avoka. Uliza kama iko kwenye baro. Halafu mwambie yote, hata ile unaona haya."

Metre alitupa shauri la mwisho. Ndoa yetu tuliifanya kanisani, na mahari ilitolewa, lakini hatukuwa tumeiandikisha kwenye komini, yaani ofisi ya serikali ya eneo. Karatasi ziliogopesha. "Andikisheni," metre akasema. "Itawalinda ninyi na mtoto." Baba akataka tukaandikishe Buhinyuza, na nani angemkatalia?

Siku hiyo watu wa mlima wetu walijaa mlangoni mwa ofisi ya komini. Karani alikuwa na sauti kubwa. Aliniuliza mimi kwanza, nami nikajibu. Kisha akamgeukia mume wangu.

"Jina?"

"Mushagalusa."

"Uraia?"

"Mukongomani."

"Unakaa Burundi kama nani?"

Watu mlangoni wakasogea wasikie. Mume wangu alitoa kadi mfukoni, akaiweka mezani.

"Mi niko mukimbizi," akasema kwa sauti.

Mtu mmoja akamnong'oneza mwenzake. Baba akageuka, akawatazama jirani zake, uso kwa uso. Wengi walikuwa wamerudi pamoja naye kutoka Tanzania, katika malori yale yale.

"Mnashangaa nini?" akawauliza. "Nani hapa hajawahi kuwa?"

Kisha nyuma kabisa mama mmoja akapiga vigelegele, wengine wakamfuata, na karani akainama akaendelea kuandika.